Vigoda vya Mwalimu wa Historia

Wifi yangu alitua ugenini na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vitabu vya historia. Mimi ndiye niliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege, kwa kuwa mume wangu, ambaye ni mdogo wake wa kufuatana, alikuwa zamu ya mchana. Kabla hatujafika kituo cha basi alikuwa ameshaniuliza maswali kumi na matatu. Kwa nini milango ya mbele inajifungua yenyewe na ya chooni inasukumwa? Vile vioo virefu vya ukutani anaviosha nani, na anasimama juu ya nini? Nikamwambia, "Wifi, mimi nimeishi hapa miaka tisa na sijawahi hata kuviona hivyo vioo." Akanitazama kwa huruma, kana kwamba nimemwambia nina ugonjwa.

Nitasema ukweli, sikumfurahia. Nyumba yetu ni vyumba viwili ghorofa ya tatu, na kochi la sebuleni ndilo lililokuwa starehe yangu pekee duniani. Ninafanya kazi ya udobi hospitalini. Napiga pasi mashuka kwa muda wa saa nane nimesimama, nikirudi nataka kunyoosha miguu juu ya kochi lile na nisisemeshwe na mtu. Sasa kochi limekuwa kitanda cha mtu, na huyo mtu anataka kujua mashuka ya hospitali yanapigwa pasi kwa joto kiasi gani, na nani alipanga liwe hilo.

Ajabu ni kwamba darasani hakuwa hivyo kabisa. Alifundisha historia miaka ishirini na sita huko kwetu, madarasa ya wanafunzi sitini, sabini, na hao wanafunzi walimbandika jina la Tarehe. Ukimwamsha usingizini ukamtajia vita yoyote, atakupa mwaka, mwezi na aliyekimbia. Mwanafunzi akiuliza kitu asichokijua alikuwa na jibu moja: "Hilo halimo kwenye mtihani. Kaa chini." Nje ya darasa alikuwa mtu wa kuuliza, ndani ya darasa mtu wa kujua. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui" mbele ya ubao, na alijivunia jambo hilo kuliko shahada zake.

Kazi ya ugenini aliipata kwa barua. Shule moja ndogo ilitaka mwalimu wa historia, naye lugha yao ya kufundishia aliimudu vizuri. Aliomba likizo kwa mwajiri wake, akanyimwa, basi akaacha kazi moja kwa moja. Nafasi yake ikajazwa wiki ileile. Kwa hiyo alipopanda ndege hakuwa na pa kurudi, na alilijua hilo, japo alilisema mara moja tu, siku ya kwanza, huku anakunja shuka lake juu ya kochi langu.

Asubuhi yake akaenda kuripoti. Mkuu wa shule, jitu la watu lenye miwani na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, alimkaribisha chai, akamwomba radhi, kisha akamweleza. Mwalimu wa historia aliyekuwa astaafu alibadili mawazo, hastaafu tena. Aliyeondoka ni mwalimu wa useremala, na aliondoka ghafla.

"Mwalimu," mkuu akasema, "umewahi kushika msumeno?"

"Nimewahi," wifi yangu akajibu.

Na ni kweli, aliwahi. Siku wanaezeka nyumba ya baba yao, fundi aliyekuwa juu ya paa alimwambia, "Dada, nipe huo msumeno," naye akaushika akampa. Huo ndio uliokuwa uzoefu wake wote. Mkuu akafurahi, akampa funguo za karakana, akamwambia atafanya muhula mmoja wa majaribio, wiki kumi na mbili. Baada ya hapo ataamua kama anampa mkataba au anampa tiketi ya ndege.

Jioni hiyo alinisimulia huku anacheka peke yake. Mimi sikucheka. Nilimwuliza kwa nini asiseme ukweli, akanijibu, "Wifi, mimi nifike mahali siku ya kwanza nianze na sijui?" Nilitaka kumpa vidonge vyake, nikajizuia, maana mume wangu alikuwa anatutazama sote wawili kwa zamu.

Sasa mtu asiyejua useremala anafundishaje useremala? Kwa wifi yangu jibu lilikuwa rahisi. Alikwenda maktaba ya shule, akatoa kitabu cha useremala, akakisoma siku mbili, akaandaa maelezo. Somo lilikuwa la kidato cha pili peke yake, wanafunzi kumi na wanane, na saa zilizobaki alisimamia maktaba. Kumi na wanane! Alivyozoea sabini, aliona kama amepewa zawadi. Akasimama mbele yao karakanani, wao wamevaa aproni zao nzito, kila mmoja kasimama kwenye meza yenye jiriwa ya kubania mbao, akawaambia, "Kaeni chini, andikeni. Useremala: maana na chimbuko lake."

Wakaandika. Wiki ya kwanza, maana na chimbuko. Wiki ya pili, aina za misumeno. Wiki ya tatu, chora randa, taja sehemu zake kumi na moja, eleza umuhimu wa kila sehemu. Aliwaonyesha randa yenyewe, akaiinua juu wote waione, akairudisha kabatini, akafunga kabati. Kelele za nyundo hazikusikika, vumbi halikuonekana, na mwenye kupita nje angedhani ni kanisa. Wiki ya sita akawapa mtihani. Mimi mwenyewe nilimsaidia kujumlisha alama mezani kwetu, wastani ukaja asilimia themanini na moja, naye akavimba kichwa wiki nzima.

Alipeleka matokeo kwa mkuu wiki ya saba. Mkuu akayasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri sana. Na vigoda vimefikia wapi?"

Wifi yangu hakujua vigoda gani. Lakini ni yule yule Tarehe, kwa hiyo akasema, "Vinaendelea."

Alitoka ofisini mbio mbio, akamtafuta mwanafunzi mmoja wa kike ambaye wenzake walimwita Wakili, kwa sababu hakuna alichokubali bila kubishana kwanza. Wakili akamweleza, na alishangaa kuulizwa. Siku ya wazazi ya kidato cha pili shuleni pale hakukodiwi viti. Kila mzazi anakalia kigoda alichotengeneza mwanawe muhula huo, ukumbini, mbele ya watu wote. Mkuu wa shule anakalia cha mwalimu. Imekuwa hivyo miaka yote, kila mtu mtaani anajua, na kwa sababu kila mtu anajua hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni.

"Na sisi tulidhani utatuambia lini tunaanza," Wakili akasema.

Siku ya wazazi ilikuwa mwisho wa wiki ya kumi na mbili. Zilibaki wiki tano, na katika karakana ile hakuna ubao hata mmoja uliokuwa umeguswa.

Nilirudi kazini nikamkuta sebuleni ameshika tama, viatu bado viko miguuni. Kwa mara ya kwanza tangu aje hakuniuliza chochote. Nikaogopa. Nilidhani kuna msiba kwetu. Aliponieleza, lo, hasira niliyokuwa nimeitunza wiki saba ikanitoka yote. Nikamwambia, "Wewe unaniuliza hadi sabuni ya hospitali inatoka kiwanda gani, halafu kazi yako mwenyewe huulizi? Watoto wa watu umewaandikisha sehemu kumi na moja za randa na wewe hujawahi kuisukuma! Ukirudishwa nyumbani utarudi kwenye nini?" Mume wangu alikohoa kule chumbani. Nilijiona nimezidi, nikaenda kuchemsha chai, na nilipomletea kikombe akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wifi, hapa mtaani hakuna seremala?"

Yupo. Namfahamu kwa sababu ndiye anayerekebisha milango ya hospitali. Karakana yake iko nyuma ya duka la rangi. Ni mtu mkavu, penseli sikioni, na maneno anayatoa kwa kubania. Jumamosi nilimpeleka wifi yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

"Unataka mlango au dirisha?" fundi akamwuliza.

"Nataka kujua," wifi akasema.

Fundi akanitazama mimi, kama kusema huyu umemtoa wapi. Nikamweleza. Akacheka kidogo, akabana kipande cha ubao kwenye jiriwa, akampa msumeno. "Kata hapo kwenye mstari." Wifi akakata, na alipomaliza, mstari ulikuwa upande mmoja na msumeno ulikuwa umekwenda matembezi upande wa pili. "Tena," fundi akasema. Akakata tena. "Tena." Nilikaa juu ya gunia la maranda nikimtazama mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwenye shahada mbili, jasho linamtiririka hadi kwenye miwani, na roho yangu ikaanza kumlainikia.

Lakini kuuliza hakuacha. Kwa nini meno ya msumeno yamepinda moja huku moja kule? Kwa nini ubao unakatika vizuri ukifuata mshipa wake na unakataa ukiukata kwa upande? Fundi alimvumilia mpaka adhuhuri, ndipo akaweka nyundo chini.

"Mwalimu, mimi nina miaka thelathini kwenye kazi hii. Ukiniambia nifanye, nafanya. Ukiniuliza kwa nini, sijui. Sijawahi kuulizwa."

"Husikii aibu kusema hujui?" wifi akamwuliza, na hakuwa anamkejeli, alitaka kujua kweli.

"Aibu ya nini? Mlango unafunga."

Nadhani maneno yale ndiyo yaliyomgeuza kuliko maneno yangu yote ya hasira.

Jumatatu aliingia karakanani na kile kipande cha ubao alichokikata vibaya. Akakiweka mezani mbele ya wanafunzi kumi na wanane.

"Mimi sijui kukata ubao," akawaambia. "Nimeanza kujifunza juzi."

Halafu Wakili akainua mkono. "Tunajua, Mwalimu."

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu wiki ya tatu. Uliinua randa ukaishika juu chini."

"Na mbona hamkusema?"

"Ulituambia tunyamaze tuandike."

Hapo, nasikia, alicheka mpaka akakaa juu ya meza. Kisha akawaonyesha kile kipande. "Nilifuata mstari, nikajikuta huku. Nini kilitokea?" Wakakizunguka. Mmoja akasema mkono ulishika kwa nguvu mno. Mwingine akasema hapana, alisimama vibaya, tazama msumeno unavyoanza kupinda. Wakabana mbao zao, wakajaribu kila dhana, na karakana ikasikika kama karakana kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze.

Huo ndio ukawa mtindo wake. Jumamosi anaharibu kwa fundi, Jumatatu anakuja na alichokiharibu, anauliza darasa nini kimetokea, na kufikia Ijumaa wao wanafanya vizuri kuliko yeye. Kochi langu likajaa vipande vya mbao vilivyopasuka, kila kimoja kimeandikwa kwa penseli siku kilipoharibika, maana tarehe hakuweza kuziacha. Nilipiga kelele kuhusu unga wa msumeno kwenye mto. Nilipiga kelele, halafu nikajikuta nashika kipande na kuuliza, "Hiki nacho kilipasukaje?"

Kisha likaja swali la miguu. Vigoda vya shule ile siku zote vilikuwa na miguu minne. Wifi alimwuliza mkuu kwa nini, mkuu akasema ndivyo vilivyo. Alimwuliza mlinzi wa shule, mlinzi akasema ameviona hivyo tangu aajiriwe. Alimwuliza fundi, fundi akasema, "Wanaotaka minne nawatengenezea minne." Akawauliza wanafunzi, na Wakili akasema jambo ambalo wakubwa hawakulisema: sakafu ya ukumbi ni ya mbao kuukuu, imepanda na kushuka, na kila mwaka vigoda vinayumba. Mwaka juzi mama yake alikalia kigoda cha dada yake, kutwa nzima akikunja karatasi na kuziweka chini ya mguu mmoja.

"Basi tutengeneze ambacho hakiyumbi," wifi akasema. "Kwa nini kinayumba?"

Walishinda wiki nzima kwenye swali hilo. Walitengeneza vigoda vidogo vya kuchezea kwa vipande vya mbao na misumari, vya miguu minne, mitano, mitatu, wakavipanga juu ya sakafu ya ukumbi, wakavisukuma kwa kidole. Cha miguu minne kilitikisika karibu kila mahali. Cha mitatu hakikutikisika popote, hata walipoweka mguu mmoja juu ya penseli, kwa sababu miguu mitatu siku zote inapata pa kukanyaga. Wifi alirudi nyumbani siku hiyo hajatulia, akageuza vikombe vyangu vitatu kifudifudi mezani, akaweka sahani juu, akasukuma. Kisha vinne. "Umeona? Umeona, wifi?" Nikasema nimeona, na ukivunja kikombe changu utaona na wewe.

Miguu mitatu, basi. Tena ilikuwa nafuu ya muda, mguu mmoja pungufu kwa kila kigoda. Ubao mnene wa duara, matundu matatu yanayotobolewa kwa keekee yakiwa yamelala kidogo ili miguu itanuke nje, miguu inapitishwa, na kabari inagongwa kwa juu kuikaza. Fundi aliposikia alikuna kichwa kwa ile penseli, lakini Jumamosi ya tatu alimwonyesha namna ya kulaza keekee, na nikamsikia kwa masikio yangu akimwuliza wifi, "Sasa Mwalimu, ikitanuka zaidi inakuwaje?"

Cha mkuu wa shule wifi alikitengeneza yeye mwenyewe, kama desturi ilivyotaka. Kilikuwa cha kwanza kukitengeneza. Baada yake alitengeneza kingine kizuri zaidi, lakini ubao wa hicho ukaingia ufa siku mbili kabla ya siku ya wazazi. Akarudi kwenye kile cha kwanza, akakipiga msasa usiku na mchana, akakipaka mafuta, akaniuliza mara nne kama naona kimesimama sawa. Nikamwambia kimesimama kama askari. Sikujua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro yake.

Siku ya wazazi niliomba ruhusa kazini. Ukumbi ulikuwa umefagiliwa, vigoda kumi na vinane vimepangwa kwa safu, jina la mtoto limebandikwa kwa juu. Wazazi waliingia wakivitazama kwa mashaka. Wengi walikuja na karatasi zilizokunjwa mifukoni, kama kawaida yao, wakakaa, wakajitikisa kulia, wakajitikisa kushoto, wakatazamana. Baba mmoja akachungulia chini kuhesabu miguu. Mnong'ono ukapita ukumbi mzima, na mimi kule nyuma kwenye benchi nikajikuta natabasamu peke yangu kama niliyezaa wale watoto wote.

Mkuu akapanda mbele, akakaa kwenye kigoda cha mwalimu, akaanza hotuba. Kigoda kikatulia. Akasifia muhula, akasifia wazazi, na sasa maneno yalipomnogea akafanya alivyozoea kwenye kiti cha ofisini kwake: akanyoosha miguu, akaweka mikono kisogoni, akaegemea nyuma.

Alianguka chali kwa kishindo kilichotikisa madirisha. Miwani ikaenda upande wake. Ukumbi mzima ukapigwa na butwaa, na mimi nikaona wazi kabisa tiketi ya ndege.

Mkuu akajiinua akakaa pale pale sakafuni, akapapasa miwani, akaivaa. "Kigoda hiki katengeneza nani?"

"Mimi, mkuu," wifi yangu akasema. Sauti ilimtoka ya mwanafunzi.

"Kwa nini kimeniangusha?"

Nilimwona akifungua mdomo. Ninamjua. Ningeapa kwamba atasema jambo, lolote, la kujiokoa. Akafunga mdomo, kisha akasema, "Sina hakika. Naomba tukiangalie." Akawageukia wanafunzi wake. "Nini kimetokea hapa?"

Wale watoto walisahau kwamba kuna wageni. Waliinuka wote wakakizunguka kigoda na mkuu wa shule pamoja, wakapiga magoti. Mmoja akatoa chaki, akachora mistari sakafuni kuunganisha nyayo za miguu mitatu. Wakili akasimama na mikono kiunoni.

"Kigoda hakijaanguka, mkuu. Tazama, kimesimama. Aliyeanguka ni wewe."

Mama yake akaficha uso kwa mkoba. Mtu akacheka, akajikausha, mwingine akashindwa kujikausha, na kicheko kikaenda ukumbi mzima. Wakili hakucheka. Alikuwa kazini.

"Uzito wako ulikuwa ndani ya mistari hii. Ulipoegemea, ukatoka nje, hapa. Ukikaa ndani hakikuangushi. Lakini na Mwalimu naye amekosea." Akaelekeza kidole. "Miguu yake imesimama wima mno. Hiki ni cha kwanza, hatukuwa tumejua bado. Vyetu tumevitanua, mistari yake ni mikubwa. Ungekalia cha kwetu ungeegemea kidogo na usianguke."

"Ni kweli, Mwalimu?" mkuu akauliza.

"Ni kweli," wifi akasema. "Sikuliona mpaka sasa hivi."

Jitu lile la watu likageuka likasimama kwa magoti na mikono, likainamisha kichwa kutazama chini ya kigoda. Kisha likasogea, bado kwa magoti, likatazama chini ya kigoda cha mama yake Wakili, aliyelazimika kusimama. Wazazi wakaanza kuinuka, kugeuza vigoda vyao, kupima kwa viganja, kuegemea taratibu kuona ni wapi mtu anaanza kwenda. Wanafunzi walikimbia huku na huku na chaki wakiwachorea mistari. Hotuba haikumalizika siku ile, na hakuna aliyeiulizia.

Saa kumi jioni mkuu akamwita wifi ofisini. Nilimsubiri koridoni nimekalia mikono yangu. Alitoka baada ya robo saa na karatasi, hakunionyesha, akasema twende tu. Kwenye basi nilimtazama sikuthubutu kuuliza. Nilimchukulia ameshafukuzwa. Mimi niliyekuwa nataka kochi langu nikamsogelea kitini.

Nyumbani akaiweka karatasi mezani mbele ya mdogo wake. Ilikuwa fomu ya tathmini yenye maswali matatu, na mkuu ameijaza kwa wino mweusi. Mwalimu anayajua masomo aliyopangiwa? Hapana. Wanafunzi wake wanaelewa wanachofundishwa? Ndiyo. Apewe mkataba? Ndiyo, miaka mitatu, useremala.

Niliruka nikamkumbatia, nikalia hadharani bila kujali. Mume wangu yeye alikwama kwenye jibu la kwanza.

"Hapana?" akafoka. "Dada yangu ana shahada mbili, halafu mtu anamwandikia hapana? Kesho naenda kumwona huyo bwana. Lazima alifute."

Wifi yangu alichukua karatasi yake mkononi mwa mdogo wake, akainyoosha kwa kiganja.

"Mwache," akasema. "Miaka ishirini na sita kila mkaguzi aliniandikia ndiyo, hata kwa mambo niliyokuwa sijui ninachosema. Nilikuwa nalala naogopa wataniuliza. Huyu wa leo ndiye wa kwanza kuandika kweli, na amenibakiza."